SOMO: Kumheshimu kiongozi aliyefariki wakati watu hawapatani juu yake



Kiongozi akifariki, mambo yake hayaishi siku ya mazishi. Wengine wanalia na kusema baba ametuacha. Wengine wananyamaza, kwa sababu wanakumbuka aliyowatendea. Wakati wa kilio watu wanajizuia, maana desturi zetu zinatufundisha kwamba marehemu hasemwi vibaya. Lakini kilio kikiisha, mtu mmoja anasimama na kupendekeza: tuipe shule jina lake, au tuchange pesa tujenge kaburi lake vizuri, au kombe la vijana liitwe kwa jina lake. Hapo ndipo ugomvi uliokuwa umefichwa unatoka nje.

Katika somo hili tunachukua mfano kutoka mpira wa miguu. Tuna sababu mbili. Kwanza, mpira unajulikana na wakubwa kwa wadogo, hata katika maeneo ya wakimbizi wa ndani. Pili, ni rahisi kuongea juu ya ugomvi wa watu wa mbali bila kuumizana, halafu tukarudi kwetu taratibu. Somo linaweza kusomwa kwa sauti katika kikundi, na maswali ya mwisho yakajadiliwa.

1. Kisa cha timu ya Marseille

Marseille ni mji wa bandari, kusini mwa Ufaransa. Timu yake, Olympique de Marseille, inapendwa sana, hata huku kwetu. Mwaka 1986 timu hiyo ilipata mwenyekiti mpya, au prezida kama tunavyosema, jina lake Bernard Tapie. Alikuwa tajiri wa biashara, mwenye maneno mengi na mwenye kupenda kushinda. Chini yake timu ilichukua ubingwa wa Ufaransa mara nne mfululizo, kuanzia 1989 hadi 1992.

Tarehe 26 Mei 1993, mjini Munich, Ujerumani, Marseille iliifunga AC Milan ya Italia 1-0 na kuchukua kombe la mabingwa wa Ulaya. Kona ilipigwa na Abedi Pele wa Ghana, na goli likafungwa kwa kichwa na Basile Boli, aliyezaliwa Côte d'Ivoire. Hakuna timu ya Ufaransa iliyokuwa imepata kombe hilo kabla. Ilipita miaka 32, hadi 2025, ndipo timu ya pili ya Ufaransa, Paris Saint-Germain, ikalipata. Kwa watu wa Marseille, hasa maskini wa mitaa ya mji ule, siku hiyo haikusahaulika.

Lakini siku sita kabla ya fainali, tarehe 20 Mei 1993, Marseille ilicheza ugenini na timu ndogo ya Valenciennes, ikashinda 1-0. Baadaye ilijulikana kwamba wachezaji watatu wa Valenciennes walikuwa wameahidiwa pesa ili wasicheze kwa nguvu na wasiwaumize wachezaji wa Marseille. Polisi walifukua faranga za Ufaransa 250 000 zilizokuwa zimezikwa katika bustani ya jamaa wa mmoja wao. Marseille ilinyang'anywa ubingwa wa Ufaransa wa 1993, na mwaka 1994 ikateremshwa daraja la pili. Kombe la Ulaya ilibaki nalo. Tapie alikana mbele ya mahakama, lakini alihukumiwa. Katika rufaa ya mwaka 1995 alipewa kifungo cha miaka miwili, na miezi 8 kati yake ilikuwa ya kukaa gerezani. Aliingia gerezani mwaka 1997.

Tapie alifariki tarehe 3 Oktoba 2021, akiwa na miaka 78, baada ya kuugua kansa. Mwili wake uliletwa Marseille na kuwekwa katika uwanja wa Vélodrome, na maelfu ya watu walikuja kumuaga. Misa ya mazishi ilifanyika tarehe 8 Oktoba katika kanisa kuu la mji, naye akazikwa huko huko Marseille.

2. Pande mbili, na kila upande una haki yake

Baada ya kifo hicho, wapo wapenzi wa timu waliotaka uwanja uitwe kwa jina lake. Walisema: alitupa furaha ambayo hakuna mwingine aliyetupa. Alitufanya tutembee vichwa juu. Makosa yake alishayalipa gerezani. Mtu akishalipa deni, kwa nini aendelee kudaiwa hata kaburini?

Wengine walisema: ni huyo huyo aliyehukumiwa kwa kununua mchezo. Timu iliteremshwa na jina la mji likachafuliwa. Tukiandika jina lake ukutani, tunawafundisha watoto wetu kwamba kushinda kunafuta kila kosa.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Hakuna upande unaosema uongo. Kombe ni la kweli na hukumu ni ya kweli. Ugomvi wa namna hii hauamuliwi kwa kutafuta nani anadanganya, kwa sababu kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Hatari inakuja pale kila upande unapotaka kipande chake kiitwe ukweli wote.

3. Mtu wa tatu ambaye hakutajwa

Katika ugomvi wa watu wawili, mara nyingi kuna wa tatu ambaye hakuna anayemwuliza. Katika kisa hiki ni Jacques Glassmann, mchezaji wa Valenciennes. Ni mmoja wa wale watatu walioahidiwa pesa. Yeye alikataa, na siku ile ile ya mchezo akamwambia kocha wake.

Alipata nini? Katika viwanja vingi vya Ufaransa alipigiwa miluzi na kuzomewa, kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu mpira. Timu yake iliteremka daraja mwaka ule ule. Mwaka 1995 shirika la mpira wa dunia, FIFA, lilimpa tuzo ya mchezo wa haki. Lakini tuzo ya mbali haifuti aibu ya kuzomewa na watu wa nchi yako.

Tunaona kwamba hili ndilo jambo kubwa la somo letu. Tunapobishana kama marehemu anastahili heshima au hastahili, tunaongea juu ya marehemu tu. Tunasahau kuwauliza walioumizwa. Kama mwenye kusema kweli bado anazomewa, na mkubwa aliyekosa anajengewa mnara, basi heshima hiyo inakuwa pigo la pili. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwenye furaha ya kombe hasikii uchungu wa yule aliyeuziwa mchezo.

4. Jina ukutani ni jambo la muda mrefu

Uwanja wa Vélodrome una sehemu nne za watazamaji, na kila moja ina jina la marehemu. Jean Bouin alikuwa mkimbiaji, Gustave Ganay alikuwa mwendesha baiskeli, Chevalier Roze aliwasaidia watu wa mji wakati wa tauni ya mwaka 1720, na Patrice de Peretti alikuwa kiongozi wa mashabiki, aliyefariki mwaka 2000. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa prezida wa timu. Heshima si lazima iende kwa mwenye cheo.

Hapa kwetu pia tunajua habari za majina. Uwanja wa zamani wa Kinshasa uliitwa kwa jina la mfalme Baudouin wakati wa ukoloni, kisha ukaitwa Mei 20, na sasa unaitwa Tata Raphaël, kwa jina la padri aliyewafundisha vijana michezo. Uwanja mkubwa wa mji huo huo ulifunguliwa mwaka 1994 kwa jina la Kamanyola. Mwaka 1997, utawala wa Mobutu ulipoanguka, ukaitwa uwanja wa Mashahidi, kwa kuwakumbuka wanasiasa wanne walionyongwa hadharani mwaka 1966. Jina linalowekwa na wenye nguvu peke yao linasubiri tu wenye nguvu wengine waje walibadilishe. Jina linalodumu ni lile lililokubaliwa na watu.

5. Turudi kwetu

Tuchukue mfano wa kufikiri. Katika eneo moja la wakimbizi wa ndani, mwenyekiti wa kamati anafariki. Wakati wa uhai wake alipigana mpaka maji yakafika na maturubai yakagawanywa. Mchana na usiku alikuwa anawasindikiza wagonjwa. Lakini familia kadhaa zinakumbuka kwamba majina yao yaliondolewa kwenye orodha ya chakula, na walipouliza walifukuzwa. Vijana wanataka kombe la mpira la eneo liitwe kwa jina lake. Baba wa familia moja iliyoondolewa kwenye orodha anakataza watoto wake kucheza. Watu wanaanza kusema: familia ile ina chuki, hawaheshimu hata marehemu. Baada ya wiki mbili, jambo la kombe limegeuka kuwa jambo la kijiji na kijiji, hata la kabila na kabila.

Viongozi wafanye nini? Tunapendekeza hatua sita.

Hatua ya kwanza: kutenganisha mazishi na jina. Kila marehemu anastahili kuzikwa kwa heshima, na kila familia inastahili kufarijiwa. Hilo halina mjadala. Kuweka jina kwenye kitu cha watu wote ni jambo jingine, nalo lina mjadala. Tusiruhusu la pili liamuliwe katika joto la la kwanza.

Hatua ya pili: kuwasikiliza waliodhurika kwanza, tena kwa faragha. Mama mjane hawezi kusimama katika mkutano wa watu 300 na kusema alinyimwa chakula. Watumwe wazee wawili, mwanaume na mwanamke, wanaoaminiwa na pande zote, wapite nyumba kwa nyumba. Wasiende kuomba kura. Waende kusikiliza.

Hatua ya tatu: kusema yote mawili. Anayetoa hotuba ya ukumbusho anaweza kusema: alituletea maji, tunamshukuru, pia kuna familia zilizoumia wakati wake, nazo tunazitambua. Maneno hayo mafupi yanaponya zaidi ya sifa za saa nzima. Asitaje kosa ambalo halikuchunguzwa kana kwamba limethibitishwa. Atambue uchungu, bila kuhukumu.

Hatua ya nne: kutolazimisha. Asiyetaka kuchanga asidaiwe. Asiyetaka kusimama wakati wa ukimya asiandikwe jina. Mtu anayekaa pembeni bila kutukana bado ni ndugu yetu.

Hatua ya tano: kuanza na alama ndogo. Dakika moja ya ukimya, mti mmoja uliopandwa, au mchezo mmoja wa ukumbusho unatosha kwa mwanzo. Jina la kudumu lisubiri. Kwetu sisi sababu ni ya wazi: watu wametawanyika. Wengine wako katika familia za wenyeji, wengine wamevuka mpaka, wengine wamerudi mashambani. Wale wasiokuwepo hawawezi kusemwa kwamba wamekubali.

Hatua ya sita: kumtafuta Glassmann wetu. Katika kila jambo kuna mtu aliyesema kweli akachekwa, au aliyekataa rushwa akaachwa peke yake. Kama tunataka kumkumbuka mkubwa, tumtafute na huyo mdogo, tumshukuru mbele ya watu angali hai. Vijana wakiona kwamba msema kweli anapewa mkono, tumewafundisha zaidi ya kombe lenyewe.

6. Je, hatua hizi zinaleta mapatano ya wote?

Tuseme kweli: si kila mara. Inawezekana baada ya mazungumzo yote, familia moja ibaki inasema hapana, na nyingine ibaki inasema mmemdharau baba yetu. Amani haimaanishi kwamba wote wanamlilia mtu mmoja kwa machozi sawa. Inamaanisha kwamba anayelia halazimishi mwenzake alie, na asiyelia hamcheki anayelia. Watoto wa nyumba zote mbili wakiendelea kucheza katika timu moja, hapo kazi ya viongozi imezaa matunda, hata kama kombe halijapata jina.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kama wewe ungekuwa mpenzi wa Marseille, ungekubali uwanja uitwe kwa jina la Tapie? Kama ungekuwa mtu wa Valenciennes je? Kila mmoja ajibu kwa nafasi zote mbili.

2. Kwa nini watu walimzomea Glassmann kuliko waliopokea pesa? Umewahi kuona jambo kama hilo mahali unapoishi, bila kutaja majina?

3. Desturi ya kutomsema marehemu vibaya inatusaidia nini? Ni wakati gani inawafunga midomo walioumia?

4. Katika eneo letu, nani mwenye haki ya kuamua jina la shule, la kisima au la kombe? Ni nani ambaye huwa hatumwulizi?

5. Ni mtu gani mdogo, aliye hai, ambaye kikundi chetu kinaweza kumshukuru mwezi huu kwa sababu alisema kweli?

Kwa wanaoongoza majadiliano: msiharakishe swali la pili na la nne. Mtu akianza kulia au kukasirika, simamisheni kidogo, mpeni nafasi, wala msimlazimishe kumaliza. Mwishoni, kila mshiriki aseme jambo moja alilosikia kutoka kwa mwenzake ambalo hakulijua kabla.