SOMO: MTI MGONJWA KANDO YA BARABARA – UKATWE LINI, NA KWA GHARAMA GANI?

Mti ulio kando ya barabara ni amana ya umma. Humpa kivuli mpita njia na hushika udongo wa ukingo wa barabara. Lakini mti huo huo ukioza ndani huweza kuangukia gari, waya wa umeme au mwanafunzi aendaye skuli. Kwa hiyo ofisi inayousimamia yaweza kukosea kwa njia mbili: kuuacha mti wa hatari usimame, au kuuangusha mti wenye afya kwa kisingizio cha ugonjwa.

Kwa somo hili tumechukua mfano wa Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, kwa kuwa mamlaka nyingi hukutana huko. Barabara kuu iendayo Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa masafa ya kilomita 50 hivi. Hapo msimamizi wa barabara hawezi kupuuza mamlaka ya hifadhi. Barabara kuu na za mkoa zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara. Barabara za mitaa ya miji ya Kilosa na Mikumi, tangu mwaka 2017, zimo mikononi mwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Hapa kwetu, ukataji wa miti unaongozwa na Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996. Funzo la kwanza, basi, ni kuuliza nani mwenye idhini kabla ya kutafuta shoka.

DALILI ZA UGONJWA

Mkaguzi aanze chini. Uyoga mgumu ulioota kama kibao kwenye shina au mizizi ni alama ya kuoza ndani. Apige shina kwa nyundo ya mbao; sauti ya ngoma ni ishara ya uwazi. Atazame udongo: mti ulioinama tangu udogo wake huwa umejiimarisha, lakini ulioinama ghafla baada ya mvua, na ardhi ikapasuka upande wa pili, mizizi yake imeachia. Kisha atazame juu, kama matawi makubwa yamekauka.

Ipo kanuni itumikayo katika nchi nyingi: sehemu nzima ya ubao inayozunguka uwazi isipungue asilimia 30 ya nusu kipenyo cha shina. Mti wenye mzingo wa sentimita 314 una kipenyo cha sentimita 100, na nusu yake ni 50. Ubao mzima ukipungua sentimita 15, mti huo ni wa kutiliwa shaka.

Hata hivyo, kila mti una tabia yake. Mgeni wa visiwani, aliyezoea miembe na mikarafuu isiyopukutika, akifika Mikumi wakati wa kiangazi atadhani miyombo yote imekufa. Sivyo, hupukutisha majani na kuchipua tena. Akwangue gome la kitawi: akiona ubichi, mti u hai. Mibuyu nayo, iliyo mingi barabara iendapo bonde la Ruaha, huwa na uwazi ndani ikaishi karne nyingi. Lakini mkumi, mti wa jamii ya mivumo ulioupa mji wa Mikumi jina lake, ni kama mnazi: kilele chake kikifa, hauchipui tena.

UAMUZI

Ugonjwa peke yake hautoshi kuuhukumu mti. Iulizwe pia: ukianguka, utamwangukia nani? Mti uliooza ulio mbali na watu waweza kuachwa. Mti wa namna hiyo hiyo ukiwa juu ya kituo cha mabasi haufai kungoja mvua za masika. Ikiwa hatari imo katika tawi moja, tawi hilo lipogolewe. Ikiwa kuna shaka, mti uandikwe daftarini na ukaguliwe tena kwa tarehe iliyotajwa.

GHARAMA

Kazi hupimwa kwa ugumu na hatari yake. Kipenyo cha shina ni mwanzo tu. Waya, nyumba na wingi wa magari huzidisha gharama. Huu ni mfano wa hesabu; tarakimu ni za kufundishia tu:

Ujira wa watu 5 kwa siku 2, kwa Sh. 25,000: Sh. 250,000
Msumeno wa mashine na mafuta: Sh. 120,000
Mpandaji na kamba: Sh. 100,000
Washika bendera 2 kwa siku 2, kwa Sh. 20,000: Sh. 80,000
Kuondoa magogo na matawi: Sh. 150,000
Kung'oa kisiki: Sh. 100,000
Dharura, asilimia 10: Sh. 80,000
Miche 2 na matunzo yake: Sh. 70,000
JUMLA: Sh. 950,000

Huenda mtu akasema: "Nipeni magogo, nitakata bure." Ofisi isikubali. Anayelipwa kwa mbao hutafuta mti wenye mbao nzuri, na mti wenye mbao nzuri ndio usiooza. Mgonjwa utabaki umesimama juu ya watu, na mzima utakwenda kiwandani. Kwa sababu hiyo mkaguzi asiwe mkataji, na mkataji asiwe mnunuzi. Magogo yauzwe kwa utaratibu wa Serikali, na fedha yake ipate stakabadhi.

Mwananchi aonaye mti wenye dalili zilizotajwa amwarifu Sheha wake mapema, naye mtumishi apokeaye taarifa aiandike siku hiyo hiyo. Gogo likiisha kuanguka barabarani, hakuna tena cha kukagua.