Chipu ya Kuchaji Inailindaje Betri ya Lithiamu?

Swali: Je, chipu ya TP4056, inayopatikana kwenye vibao vingi vya bei nafuu vya kuchajia, inatosha peke yake kuilinda betri ya lithiamu-ioni?

Jibu: Haitoshi. Kazi ya TP4056 ni kuchaji. Seli ikiwa imeshuka chini ya volti 2.9, chipu huanza na sehemu moja ya kumi tu ya mkondo wa kawaida, kwa kuwa seli iliyoishiwa hudhurika ikisukumiwa umeme mwingi ghafla. Kisha hutoa mkondo kamili, usiozidi ampea 1, hadi volti 4.2. Hapo volti hubaki palepale, mkondo hupungua, na ukifika sehemu moja ya kumi chipu hukata. Chipu yenyewe ikipata moto mno, hupunguza mkondo.

Joto la betri ni suala jingine, tena ndilo linalopuuzwa zaidi. Chipu ina pini ya kupokea taarifa kutoka kwa kihisi joto kinachogusa seli, lakini kwenye vibao vingi vya bei nafuu pini hiyo imeunganishwa na hasi, hivyo ulinzi umezimwa. Seli nyingi hazipaswi kuchajiwa zikizidi nyuzi 45 za Selsiasi, wala zikiwa chini ya 0, maana kwenye baridi hiyo lithiamu hutanda juu ya anodi na inaweza kuleta shoti ndani ya seli.

Betri inapotumika, mlinzi ni chipu nyingine, mara nyingi DW01A. Hukata saketi volti zikizidi takriban 4.3, zikishuka hadi takriban 2.4, au shoti ikitokea. Kibao kisicho na chipu hiyo ya pili kisiunganishwe na seli isiyo na ulinzi wake yenyewe.