Bia Nyeusi Kali: Ukiwa Lushoto, Agiza ya Moto

Ni Julai, Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Mezani kuna chupa moja ya stauti yenye alkoholi asilimia 9, na aliyeipika yupo kutujibu.

Swali: Fundi, mhudumu ameuliza: ya moto au ya baridi?

Jibu: Mwambie ya moto. Ya moto ya Dar es Salaam inakaribia nyuzi 30, hiyo sikushauri. Lakini hapa, chupa iliyolala kwenye shelfu usiku wa Julai huamka na nyuzi 12 hadi 15, na hapo ndipo bia nyeusi kali inapofunguka. Ikitoka kwenye friji inavuja jasho, ulimi unakufa ganzi, unabaki na gesi na uchungu. Inaniuma mtu anaponiambia stauti ni chungu tu, kumbe aliinywa ikiwa karibu barafu.

Swali: Weusi ndio ukali?

Jibu: Hapana. Weusi unatoka kwenye shayiri iliyokaangwa kama buni, tena kiasi kidogo tu. Nafaka iliyobaki ni kimea cha kawaida. Guinness ya bomba ya Ireland ni nyeusi na ina asilimia 4.2 tu. Ukali unatokana na wingi wa sukari ambayo hamira imeila.

Swali: Haya, tuonje.

Jibu: Kwanza glasi. Isuuze mpaka sabuni iishe, na usiifute kwa kitambaa kilichogusa chipsi, kwani mafuta yanaua povu. Ya mvinyo inafaa, jaza theluthi. Inua uelekee dirishani: katikati giza, ukingoni wekundu wa chai ya rangi iliyokolea. Sasa funika kwa kiganja, zungusha, fungua, nusa kwa pumzi fupi. Kahawa inatangulia, kisha kakao na sukari guru. Subiri. Nyuma yake kuna tunda. Mimi napata plamu za hapa hapa Lushoto, zile zilizoiva mpaka zikaanza kunywea. Hakuna tunda lililotiwa humo, ni kazi ya hamira.

Piga funda dogo, litembeze mdomoni, umeze. Usiteme kama waonja mvinyo, maana uchungu unakuja ukishameza. Alkoholi ipashe koo joto kama tangawizi. Ikichoma kama gongo, bia ilipikwa kwa pupa.

Swali: Nitajuaje imeharibika?

Jibu: Karatasi iliyolowa: hewa iliingia. Siki: bakteria.

Swali: Sisi tumezoea boha. Yafanana?

Jibu: Kuonja ni kule kule, saa ndizo tofauti. Boha ni pombe ya miwa inayoendelea kuchacha hata ukiwa umeishika. Ya asubuhi si ya jioni, na mnywaji mzoefu anazitambua. Mtu mwenye ulimi huo ana msingi mzuri kuliko anavyodhani. Stauti kali, ikifungwa vizuri na kukaa gizani, inaweza kungoja mwaka na ikalainika.

Swali: Chupa ni ndogo, tuongeze?

Jibu: Piga hesabu. Mililita 330 za asilimia 9 zina karibu mililita 30 za alkoholi. Chupa kubwa ya 500, asilimia 5, ina 25. Mnaoshuka Mombo leo kwa gari, dereva anuse tu, njia ile ni kona tupu. Wengine gawaneni hii moja, na funda la mwisho liacheni robo saa. Linapopata joto, plamu inaizidi kahawa.