Utumikishwaji wa Watoto ni Suala la Afya ya Jamii

Mtoto kumsaidia mzazi kupalilia maharage baada ya masomo si kosa, wala hapa Irente hatutarajii mtoto akue bila kushika jembe. Utumikishwaji huanza pale kazi inapozidi umri wake, inapomtoa darasani au inapomdhuru mwili na akili. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mtoto chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa. Aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomkosesha shule.

Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani na UNICEF yanaonesha kuwa mwaka 2024 watoto wapatao milioni 138 walikuwa wakitumikishwa duniani, milioni 54 kati yao katika kazi za hatari. Takribani asilimia 61 walikuwa katika kilimo. Takwimu hiyo ya mwisho ndiyo inayotugusa zaidi, kwani kabichi, nyanya na viazi vya milima yetu hupuliziwa dawa.

Bomba la mgongoni lenye lita 16 za maji lina uzito usiopungua kilo 16. Mtoto akilipandisha mteremkoni huku likivuja, dawa hupenya kwenye ngozi. Na kwa kuwa ngozi yake ni pana ikilinganishwa na uzito wake, kiasi kidogo humdhuru kuliko mtu mzima. Baadhi ya viuatilifu huvuruga mishipa ya fahamu: kichwa huuma, mate na jasho hutoka kwa wingi, macho huona ukungu, misuli hutetemeka. Mwanzoni hali hiyo yaweza kudhaniwa ni malaria. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni kwa maji na sabuni, kisha mwahisheni kituo cha afya mkiwa na lebo ya dawa, na mseme wazi alikuwa akipulizia. Kuficha kwa kuogopa lawama kunaweza kumgharimu uhai.

Lipo pia jambo tusilopenda kulitaja hadharani: mabinti zetu kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Tanga na Dar es Salaam, wengine kabla ya kumaliza darasa la saba. Shuleni ndiko hasa wasichana hufikiwa na chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, na ndiko dawa za minyoo hugawiwa. Binti aliyefungiwa jikoni kwa watu huvikosa vyote. Akirudishwa nyumbani na ujauzito kabla nyonga hazijakomaa, uchungu pingamizi waweza kumwachia fistula, na mzigo wa matibabu hubebwa na wazazi, si na tajiri aliyemtumikisha.

Anayefika kijijini kutafuta “binti wa kazi” apelekwe kwanza kwa Mtendaji wa Kijiji. Taarifa hupokelewa pia na Ofisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa simu namba 116, bila malipo.