SOMO LA KAZI ZA AFISI: PRINTA MOJA KWA KOMPYUTA ZA MIFUMO MBALIMBALI

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaletewa somo hili fupi juu ya namna ya kuitumia printa moja kwa kompyuta kadhaa zisizofanana mifumo ya uendeshaji. Jambo hili huweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao. Lakini mwananchi aliyetoka Micheweni alfajiri kwenda Chake Chake kuchukua barua yake, akaambiwa arejee kesho kwa kuwa kompyuta haiioni printa, naye limemgusa.

Tuchukue mfano wa chumba chenye kompyuta tatu: moja inatumia Windows, ya pili ni Macintosh na ya tatu inatumia Linux. Aghalabu printa hufungwa kwa waya kwenye kompyuta ya mtumishi mmoja, na wenzake wakapitia kwake. Mtumishi huyo akienda likizo na kuizima kompyuta yake, chumba kizima husimama. Wengine huchukua kazi zao kwa flashi kutoka meza hadi meza, na virusi husafiri pamoja nazo. Mwisho huombwa printa ya pili, yenye wino wake na gharama zake, ilhali ya kwanza haina ubovu wowote.

Ifahamike kuwa kazi inayotumwa kwenye printa ni mfano wa barua. Ili barua ifike na kufahamika yatakiwa mambo matatu: anwani, njia ya kuipeleka, na lugha anayoijua mpokeaji.

Kwanza, anwani. Printa iungwe moja kwa moja na mtandao wa ndani wa afisi, wala isitegemee kompyuta ya mtu, kisha ipewe anwani ya kudumu, kwa mfano 192.168.1.50. Isipopewa, ruta ndiyo huigawia anwani, na umeme ukikatika na kurudi huenda ikapewa nyengine. Hapo kompyuta zitaendelea kupeleka kazi kwenye anwani ya zamani, na watu watasema mashine imeharibika. Dawa yake ni kuihifadhi anwani hiyo ndani ya ruta, ili isipewe chombo chengine.

Pili, njia, yaani itifaki. Hapo zamani kila mfumo ulikuwa na desturi yake. Mwaka 1992 Andrew Tridgell wa Australia alianzisha programu iliyokuja kuitwa Samba, ambayo huziwezesha kompyuta za Unix na Linux kusikilizana na za Windows. Mwaka 1999 ilitolewa programu ya CUPS, iliyotungwa na Michael Sweet wa Marekani, nayo Apple ikaiingiza katika Mac OS X mwaka 2002. CUPS hutumia itifaki ya IPP, inayopita katika mlango nambari 631, na Windows pia huifahamu. Kwa hiyo mifumo yote mitatu inayo itifaki moja ya pamoja. Katika kila kompyuta, mtumishi afungue sehemu ya printa, achague kuongeza printa kwa anwani, kisha aiandike kwa namna mfumo wake unavyotaka; kwa ukamilifu anwani hiyo ni ipp://192.168.1.50/ipp/print. Hiyo ndiyo njia ya kawaida kwa printa nyingi za sasa.

Tatu, lugha. Printa za zamani hufahamu lugha kama PostScript au PCL, na kila kompyuta huhitaji programu ya kuifasiria printa, ijulikanayo kwa jina la draiva. Karatasi ikitoka imejaa alama zisizosomeka, mara nyingi sababu ni draiva isiyokuwa yake. Printa zilizotengenezwa kwa kufuata AirPrint, iliyoanza mwaka 2010, au IPP Everywhere, hazihitaji draiva ya peke yake. Afisi inayotaka kununua printa mpya na iulize jambo hili kabla ya kuuliza bei.

Ama printa kongwe isiyoweza kuungwa na mtandao, nayo haifai kutupwa. Ifungwe kwenye kompyuta moja ya Linux yenye CUPS, ambayo haizimwi saa za kazi, nayo iwe wakili wa kuzipokea kazi za kompyuta nyengine.

Pamoja na hayo, kushirikiana printa si kushirikiana siri. Hati ya mshahara au cheti cha mgonjwa kikiachwa juu ya mashine, kila apitaye atakisoma. Printa nyingi za afisi huweza kuishikilia kazi mpaka mwenyewe afike na kubonyeza nambari yake ya siri. Uwezo huo utumiwe. Kadhalika, printa isifunguliwe kwa intaneti ya nje, na nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe.

Kabla ya kumwita fundi, mtumishi aiamuru printa, kwa vitufe vyake, itoe ukurasa wa taarifa zake za mtandao, na aitazame anwani iliyoandikwa humo. Ikiwa si ile iliyomo katika kompyuta, ubovu umeshajulikana na hauhitaji kipuri. Kila afisi inashauriwa kuiandika anwani ya printa katika kipande cha karatasi na kukibandika juu ya mashine, ili hata mtumishi aliyehamia leo aweze kumhudumia mwananchi bila ya kumrejesha nyumbani mikono mitupu.