Baada ya Tiba ya Saratani ya Tezi Dume: Tahadhari kwa Wazee

Mzee aliyetibiwa saratani ya tezi dume miaka kumi iliyopita huenda akahesabiwa kuwa amepona, ilhali yeye mwenyewe hajioni hivyo. Mishipa ya fahamu inayowezesha uume kusimama hupita kando ya tezi hiyo, nayo huweza kujeruhiwa kwa upasuaji au mionzi. Tiba ya kushusha homoni hupunguza hamu na misuli, na wakati mwingine hukuza matiti. Mkojo ukivuja, mzee huacha safari, baraza na ibada; kisha hujiuliza kama bado ni mwanamume.

Swali hilo ndilo mtaji wa wauzaji holela wa dawa za nguvu za kiume. Baadhi ya dawa zinazoitwa za mitishamba zimebainika kuchanganywa kwa siri na sildenafili. Kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, mchanganyiko huo huweza kushusha shinikizo la damu ghafla na kuua. Bidhaa zenye testosteroni nazo huweza kuchochea saratani iliyosalia.

Tunashauri ununue dawa katika duka lililosajiliwa, kwa cheti cha daktari, baada ya kumweleza dawa zote unazotumia. Usione haya kulitaja tatizo, hata ikiwa miaka imepita: mazoezi ya misuli ya nyonga huweza kupunguza kuvuja, na zipo tiba halali za upungufu wa nguvu. Nenda na mkeo, maana naye ameishi na ukimya huo. Mabadiliko haya yametokana na tiba iliyookoa uhai wako. Hayajapunguza hadhi yako nyumbani wala barazani.