Boneti inapauka: nipake seramiki?

*Fundi, gari langu jekundu limeanza kupauka kwenye boneti. Kijana mmoja hapa Uyole ananishauri nipake seramiki. Nikubali? – Msomaji, Uyole*

Uyole iko juu, na miale ya jua huko ni mikali hata kukiwa na baridi. Miale hiyo ndiyo inayokula klia, lile tabaka angavu la juu. Seramiki ni koti la kukinga rangi tu, haiponyi: ukiipaka sasa, unafungia mpauko ndani. Kwanza pigisha polishi sehemu ndogo. Iking'aa, malizia boneti, kisha paka nta kivulini, bodi ikiwa imepoa na kavu. Rudia kila miezi mitatu hivi. Kwa gari linalolala nje, mimi ningeishia hapo, bila seramiki. Klia ikiwa inabanduka, nenda kwa mpiga rangi: boneti ipigwe msasa na kupuliziwa upya.